Kabla ya Kuyaona Mawe, Simama Lorne

Wageni wengi wanaoifuata Great Ocean Road, kusini mwa jimbo la Victoria nchini Australia, shida yao ni mawe. Yako karibu na Port Campbell, nguzo ndefu za chokaa zilizosimama zenyewe baharini, zinaitwa Twelve Apostles, yaani mitume kumi na wawili, na picha zake huenda umeshaziona bila kujua zinatoka wapi. Watu huondoka Melbourne alfajiri, hukanyaga mafuta, hufika, hupiga picha, na usiku wako mjini tena, hoi. Barabara yenyewe, kilomita 243 kutoka Torquay hadi Allansford karibu na mji wa Warrnambool, kwao ni njia ya kufikia mawe tu.

Shemeji yangu, aliyemwoa dada, anaishi Melbourne na mpango wake ulikuwa huohuo. Nilipomwambia kwamba njiani, pale Lorne, kuna makumbusho ya barabara hii na ningependa tuingie, alinigeukia kidogo kisha akarudisha macho mbele.

"Makumbusho ya barabara? Shemeji, barabara si hii tunayoikanyaga?"

"Ndiyo hii. Nataka kujua ilifikaje hapa."

"Haya. Nusu saa."

Dada, aliyekaa nyuma na watoto, alicheka. Anamjua mumewe na ananijua mimi, na alishajua hiyo nusu saa itaishia wapi.

Lorne ni mji mdogo wa mapumziko uliobanwa kati ya milima ya Otway na bahari. Makumbusho yamo katika jengo moja na ofisi ya taarifa za wageni, kwenye barabara kuu ya mji, Mountjoy Parade. Usipoangalia unaweza ukachukua ramani kaunta ukatoka, usijue kwamba hatua chache tu kutoka hapo ukuta umebeba historia nzima. Ni madogo. Mwenye haraka atayamaliza kabla kahawa yake haijapoa, na kama ulizoea majumba ya makumbusho ya miji mikubwa utajiuliza ndiyo haya tu. Mimi nayapenda madogo. Yanakuwa na jambo moja la kusema na yanalisema, hayakuchoshi kwa vyungu vya kila enzi.

Kilichonishika kwanza ni picha za wafanyakazi. Wanaume wamesimama kwenye ubavu wa mlima, mikono ya mashati imekunjwa, kofia kichwani, sururu na makoleo mikononi. Nyuma yao jabali, mbele yao hewa, chini kabisa mawimbi. Hakuna ukingo, hakuna kamba kiunoni. Kijia waliposimama ni chembamba kiasi kwamba toroli mbili zisingepishana. Katika picha mojawapo wote wanaangalia kamera isipokuwa mmoja, anayeangalia miguu yake. Nilimwelewa. Saa hiyohiyo tulikuwa tumepita juu ya kazi ya watu wa aina yake kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kiyoyozi kinapuliza, watoto wanagombania biskuti.

Watu hawa walikuwa askari. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliua Waaustralia wapatao 60,000, na waliorudi walirudi katika nchi ambayo haikuwa na kazi za kuwatosha. Kabla hata vita havijaisha, mkuu wa bodi ya barabara za mikoa ya Victoria, William Calder, alikuwa ameshatoa rai kwamba askari watakaorejea wapewe kazi ya kujenga barabara kwenye maeneo yasiyofikika. Meya wa Geelong, mfanyabiashara Howard Hitchcock, akaidaka rai hiyo na kuipanua: barabara ya pwani itakayowapa askari kazi, itakayovifungua vijiji vilivyofungiwa na milima, na ambayo yenyewe itakuwa mnara wa kuwakumbuka wenzao waliobaki makaburini ng'ambo. Mwaka 1918 ukaundwa mfuko wa udhamini wa barabara, yeye akiwa mwenyekiti. Tarehe 19 Septemba 1919 ujenzi ukazinduliwa rasmi, na mpaka unakamilika mwaka 1932 askari wapatao 3,000 walikuwa wamepita hapo.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba barabara hii ndiyo mnara mkubwa kuliko yote duniani wa kumbukumbu ya vita. Nilidhani ni maneno ya matangazo ya utalii. Ukisimama mbele ya picha zile unaona kwamba ndiyo nia iliyokuwapo tangu siku ya kwanza, na kwamba utalii nao ulikuwamo katika hesabu tangu siku hiyohiyo. Hitchcock hakuona aibu kuvichanganya viwili hivyo. Aliona mnara wa jiwe katikati ya mji haumlishi mtu, ila barabara nzuri italeta wageni na kuwapa watu riziki. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile na bado naona alikuwa sahihi, ingawa najua wapo wanaoona kwamba marehemu hawafanyiwi biashara.

Halafu kuna suala la fedha, ambalo makumbusho mengi hulipitia juujuu. Wafanyakazi walilipwa shilingi 10 na pensi 6 kwa siku ya saa nane, na Jumamosi nusu siku. Usiilinganishe na shilingi ya kwetu. Wakati ule Australia ilitumia pauni, na shilingi 20 ndizo zilizofanya pauni moja, pensi 12 shilingi moja. Mfuko ulikusanya pauni 81,000 kwa michango na mikopo, na Hitchcock alitoa 3,000 za mfukoni mwake. Deni lilipaswa kulipwa na wapita njia. Kipande cha kwanza, Eastern View hadi Lorne, kilifunguliwa Machi 1922, kikafungwa tena kwa matengenezo, na kilipofunguliwa Desemba ya mwaka huo pale Eastern View palikuwa na kizuizi cha tozo: gari dogo shilingi 2, na gari la kukokotwa na farasi zaidi ya wawili shilingi 10.

Nilisimama hapo nikipiga hesabu kwa vidole. Mtu mwenye gari alilipa karibu sehemu moja ya tano ya ujira wa siku wa yule aliyechonga njia. Mwenye farasi watatu alilipa karibu siku nzima ya jasho la mwenzake. Shemeji, ambaye mpaka hapo alikuwa akizungusha funguo za gari kidoleni, ndipo aliposogea. Tozo za barabara anazijua, Melbourne inazo.

"Na waliacha lini kutoza?"

"1936. Barabara ilipokabidhiwa kwa serikali ya jimbo."

"Walikuwa waungwana," akasema, akaanza kusoma mwenyewe. Nusu saa haikutajwa tena.

Kilichommaliza shemeji kabisa ni kisa cha meli. Mwaka 1924 meli ya mvuke iitwayo Casino, iliyokuwa ikihudumia vijiji vya pwani ile, iligonga mwamba karibu na rasi ya Cape Patton ikakwama. Ili ijinasue ilibidi mzigo utupwe baharini, na mzigo wenyewe ulikuwa mapipa 500 ya bia na masanduku 120 ya pombe kali. Bahari ikavileta ufukweni, na ufukweni kulikuwa na kambi za askari waliokuwa wameishi miezi kwenye mahema ya baridi na tope. Inasimuliwa kwamba kazi ilisimama wiki mbili. Shemeji alicheka hadi mama mmoja wa makamo pale kaunta akageuka kutuangalia, kisha naye akatabasamu, kwa jinsi mtu anavyotabasamu akishawaona wageni wengi wakifika kwenye kisa hichohicho.

Nilimuuliza yule mama kama wageni wengi huingia. Akasema wengi huingia kutafuta choo. Wanaobaki, akaongeza, mara nyingi ni mvua iliyowaingiza.

Wanaobaki wanapata habari ambazo vituo vya kupigia picha havikupi. Ya Hitchcock, kwa mfano. Alifariki Agosti 1932, miezi mitatu kabla ya kazi yake kukamilika. Tarehe 26 Novemba mwaka huo barabara ilipofunguliwa rasmi hapo Lorne na Naibu Gavana, Sir William Irvine, gari la Hitchcock lilipitishwa kwenye msafara nyuma ya gari la Naibu Gavana. Mwaka huohuo, mwezi Julai, meli Casino ilizama Apollo Bay, watu 10 wakafa. Sidhani kama kuna aliyepanga mambo yaangukiane hivyo, ila ukizisoma tarehe hizo mbili unaona jinsi pwani ile ilivyohama kutoka zama moja kwenda nyingine ndani ya mwaka mmoja: meli iliyokuwa ikileta unga na barua ikaenda chini, na barabara ikafunguliwa.

Jambo moja nalilalamikia. Hadithi ya askari imejaa kiasi kwamba ni rahisi kutoka ukidhani kabla ya 1919 pwani hii ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Upande wa Torquay na Geelong ni ardhi ya Wawadawurrung, na misitu ya Otway ilikuwa ya Wagadubanud, ambao leo wanahesabiwa miongoni mwa jamii ya Eastern Maar. Walikuwa na mapito yao, kambi zao na malundo ya maganda ya kome yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka. Nadhani makumbusho yoyote ya barabara yangeanza na swali la nani alikuwa akipita hapo kabla, na kwa njia ipi. Hapa nilitamani sehemu hiyo ipewe ukuta wake, na nafasi ingepatikana hata kwa kuipunguza bia.

Tulipotoka nje, gari lilikuwa lilelile na bahari ileile, lakini macho yalibadilika upande. Mgeni kwenye barabara hii huangalia kushoto, kwenye maji. Sasa nilikuwa naangalia kulia, kwenye ukuta wa jabali uliokatwa. Kutoka Lorne kuelekea Apollo Bay, hasa unapozunguka Mount Defiance, barabara imening'inia ubavuni mwa mlima na huoni mahali ilipopata pa kukaa mpaka ukumbuke kwamba hapakuwepo. Palitengenezwa kwa baruti, sururu na toroli, kifusi kikamwagwa baharini. Mwamba wenyewe ni wa mchanga na tope lililoganda, tabaka juu ya tabaka, mengine yameinama kuelekea barabarani. Ukiona hivyo unaelewa kwa nini kuna nyavu za chuma zimefunika kuta, na kwa nini alama za tahadhari ya mawe kuanguka hazikuwekwa kwa mapambo.

Barabara ya mwanzo ilipitisha gari moja tu kwa raha. Mkikutana, mmoja alitafuta upenyo ajibanze au arudi nyuma, na upande wa pili ni genge. Leo ina njia mbili na lami safi, lakini kona ni zilezile, maana mlima haukuhama. Hapa ndipo nilipojifunza kitu cha kumsaidia dereva yeyote: usipige hesabu ya muda kwa kilomita. Lorne hadi Apollo Bay ni kama kilomita 45, na mtu aliyezoea barabara kuu atasema nusu saa. Ongeza mara mbili, kisha ongeza vituo. Ukiona gari limekusogelea nyuma, ingia kwenye vituo vya kupishia umwachie apite. Wenyeji wanakwenda kazini, wewe uko matembezini. Na ukitaka kuangalia bahari, simama. Dereva akikodolea maji macho huku anakata kona, abiria wote wanajua.

Ipo pia mishale iliyochorwa kwenye lami na vibao vya kuwakumbusha wageni kwamba Australia huendeshwa kushoto. Kwetu tuliokulia Afrika Mashariki hilo si geni. Shemeji alijivunia kana kwamba ni kipaji.

Wye River ilitunyamazisha kidogo. Ni kijiji cha nyumba zilizopanda mlimani katikati ya miti ya mikalitusi, na siku ya Krismasi ya 2015 moto wa msituni ulikiingia pamoja na jirani yake, Separation Creek. Nyumba 116 ziliteketea. Hakuna aliyekufa, kwa sababu watu walihamishwa mapema, na njia ya kutokea ilikuwa barabara hii. Mwaka uliofuata, mvua kubwa za Septemba zikakuta milima imevuliwa miti, udongo ukaporomoka na barabara ikafungwa. Dada, ambaye hakuwa amesema mengi tangu Lorne, aliuliza nani analipia haya yote ya kukarabati kila mwaka, maana tozo iliisha 1936. Serikali ya jimbo, nikamwambia, yaani wewe na mumeo. Akasema basi leo tukae mpaka usiku, tule kodi yetu.

Lipo pia lango la mbao pale Eastern View, tulilolipita asubuhi kabla ya Lorne. Nalitaja hapa kwa kuwa wakati wa kwenda tulisimama, tukapiga picha chini yake kama kila mtu, tukaondoka. Wakati wa kurudi, jioni, nilimwomba shemeji asimame tena. Safari hii nilijua kwamba hapo ndipo kizuizi cha tozo kilipokuwa, kwamba lango hili limejengwa upya zaidi ya mara moja, na kwamba moto wa Februari 1983, ule unaoitwa Ash Wednesday, ulilila lililokuwapo. Kando yake kuna sanamu ya wanaume wawili kazini, iliyowekwa 2007 barabara ilipotimiza miaka 75. Watu walikuwa wakipanga foleni kupiga picha na lango. Sanamu ilikuwa peke yake, kwa hiyo watoto waliipanda wakakaa na wale askari wa shaba wakila chipsi, na hakuna aliyewakemea.

Katikati ya hayo kuna mawe. Nisiyadharau. Baada ya Apollo Bay barabara inaiacha bahari na kuzama msituni mwa Otway kwa muda mrefu, jambo linalowashangaza wanaoamini jina la barabara, halafu inarudi pwani na ghafla ardhi inakatika kama kisu. Nguzo zimesimama majini, kubwa zaidi zikikaribia mita 45. Hazikuwahi kuwa kumi na mbili. Zilikuwa tisa, na mwezi Julai 2005 mojawapo ikaporomoka mchana kweupe, zikabaki nane. Chokaa ni laini, na bahari inaila chini kila siku. Mbele kidogo kuna mwamba uliokuwa na matao mawili, London Bridge. Januari 1990 tao la upande wa nchi kavu lilianguka na kuwaacha watalii wawili upande wa pili, wakaokolewa kwa helikopta. Tulipiga picha zetu. Upepo ulikuwa mkali, watoto walitaka kurudi garini, na sina la kuongeza ambalo picha hazijasema.

Kilichonikaa zaidi upande ule ni ghuba ya Loch Ard, umbali mfupi kutoka kwenye nguzo. Tarehe 1 Juni 1878 meli ya matanga Loch Ard, iliyotoka Uingereza kwenda Melbourne, iligonga miamba hapo ikiwa karibu kabisa kufika. Ilikuwa na watu 54. Walionusurika ni wawili, Tom Pearce na Eva Carmichael, wote wakiwa vijana. Makaburi yako juu ya genge. Ukishapitia Lorne unasimama hapo na swali tofauti na la watalii wengine: kwa nini watu walipita majini kwenye pwani mbaya namna hii? Kwa sababu nchi kavu ilikuwa mbaya zaidi. Milima, msitu, mito isiyo na madaraja. Meli ilikuwa ndiyo basi lao, na pwani ile ikameza meli nyingi kabla mtu hajasema basi tuichonge njia.

Siku nyingine, bila shemeji, nilifika mpaka mwisho wa barabara, Warrnambool, kwenye makumbusho ya Flagstaff Hill. Haya ni makubwa zaidi, ya mambo ya bahari, na hazina yake kuu ni sanamu ya tausi ya kauri iliyotengenezwa na kiwanda cha Minton cha Uingereza. Ilikuwa ndani ya Loch Ard ikipelekwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya Melbourne ya 1880. Meli ilisagika, watu 52 walikufa, na kreti ya tausi ikaelea hadi ufukweni karibu salama. Ana urefu wa kama mita moja na nusu, shingo ya buluu, na unaweza kumzunguka ukimkagua bila kuona kwamba alipitia chochote.

Wageni hujazana kwa tausi, na nawaelewa. Lakini mtu akiniambia ana nafasi ya makumbusho mamoja tu kwenye safari hii, bado namwelekeza Lorne, na namwambia aingie wakati wa kwenda. Tausi atakuwepo tu mwisho wa njia. Na afike Lorne mapema: mchana maegesho ya Mountjoy Parade hujaa magari ya watu wanaotafuta chakula.